Mimi Ndiye Mkia wa Kamba

Nianze na kofia. Kila abiria wa pikipiki hapa Kigali, moto kama tunavyoziita, lazima avae kofia ngumu na kufunga kile kibanio cha chini ya kidevu. Wenzangu hukifunga huku wanaongea na simu. Mimi nina miaka arobaini na moja na mpaka leo dereva ndiye hunifungia. Wapo wanaodhani nawatania, na yupo mmoja aliyeniuliza kama nimelewa, saa moja asubuhi, na hijabu yangu kichwani! Basi kama na wewe ni mtu wa kufungiwa kofia, mtu wa kugonga fremu ya mlango anaoupita tangu utotoni, mtu wa kuambiwa "tazama unakokwenda" hali ulikuwa unatazama, vuta kiti. Nina habari nzuri na nimeshindwa kukaa nayo.

Naitwa Zaituni. Hali yangu inaitwa dispraksia. Mambo ya ubongo sitakueleza, maana nilipoelezwa mimi nilisahau nusu kabla sijafika langoni. Kwa kifupi, najua ninachotaka kufanya, na nguvu ya kukifanya ninayo, ila ule mpangilio wa kwanza hiki halafu kile hupotea njiani. Haiponi. Haiui pia. Inachosha na inatia aibu, na aibu ndiyo iliyoniumiza kuliko kuanguka kote.

Sasa chukua mtu wa namna hiyo, azaliwe kwenye nyumba ya mafundi cherehani. Baba yangu, Mzee Swedi, ni fundi wa Biryogo, hapa Nyamirambo. Babu yake alikuja na biashara ya vitambaa kutoka pwani, akaoa huku, akaacha Kiswahili nyumbani na mkasi mkononi mwa wanawe. Baba hukata kanzu bila chaki. Anakutazama mara moja ukiingia dukani, na vipimo vyako anavyo tayari. Nilipofika miaka tisa alinikalisha kwenye cherehani kama alivyokalishwa yeye, na siku ya pili nikajishona kidole. Alinitoa sindano, akaniosha, akanifunga kitambaa, na cherehani ile akampa mdogo wangu Idrisa.

"Wewe utasoma," alisema, na hatukulizungumza tena.

Halafu ikaja siku ya michezo shuleni. Tulipangwa mstari, wasichana kumi na wawili tumeshikana mikono, tucheze mbele ya wazazi. Wenzangu walikwenda kulia, mimi nikaenda kushoto, na mstari mzima ukaja chini. Kicheko cha siku ile nakisikia hadi leo. Baba alitoka kwenye viti vya wazazi, akavuka uwanja na viatu vyake vya Ijumaa, akanibeba. Kesho yake alimwandikia mwalimu mkuu kwamba Zaituni ana kifua, asicheze mchezo wowote. Sijawahi kuwa na kifua maishani mwangu. Lakini barua ile ilifanya kazi mpaka nikamaliza shule, na hata baadaye mwili wangu ukawa siri ya nyumbani, kitu cha kufichwa na watu wanaonipenda.

Mwaka juzi, katika mvua za vuli, nilianguka kwenye ngazi za Muhima. Ninafanya kazi pale, kwenye duka la vipuri vya magari, mimi ndiye ninayepokea simu. Nilivunja kifundo cha mkono wa kulia. Baada ya plasta kutolewa nikapelekwa kwenye mazoezi ya viungo, hospitali moja upande wa Kanombe, kila Jumatatu.

Ukumbi wa kungojea ule naujua kuliko sebule yangu. Benchi la chuma, televisheni isiyo na sauti, na mama mmoja, mke wa mwanajeshi, aliyekuwa akifuma sweta ya mtoto bila kuangalia sindano zake. Nilikuwa namtazama mikono kwa wivu kabisa. Nilimwambia hivyo siku moja, akacheka, akasogea nikae karibu nione. Sikujifunza kitu, lakini tulikula njugu zake.

Mtaalamu wangu alikuwa dada anayeitwa Peace, amekulia Kampala, Kiswahili chake kifupi kifupi. Wiki ya sita alinipa shati la wanaume lililovishwa kwenye ubao, akaniambia nifunge vifungo kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Nikahangaika. Jasho likanitoka.

"Zaituni," akasema, "huu mkono haikuvunjika. Lakini inafanya sawa na ule mwingine. Toka mtoto uko hivi?"

"Toka mtoto."

"Sasa asubuhi nani anakufunga vifungo?"

"Sina nguo ya vifungo."

Akaniangalia. Akaizunguka nguo yangu kama mtu anayetaka kuinunua. Kiunoni lastiki. Shingo pana inayopita kichwa bila zipu. Mikono imeishia juu kidogo ya kifundo, isiingie kwenye mchuzi. Upindo uko juu ya kisigino, nisiukanyage ngazini. Mfuko uko pale pale mkono unapoangukia.

"Hizi nguo nani anashona?"

"Baba."

"Zote?"

"Zote. Sijawahi kuvaa za mtu mwingine, hata sare ya shule."

"Huyu mzee alisomea wapi?"

"Hakusomea. Ni fundi tu."

Peace akacheka mpaka akakaa. "Mimi niko na digrii, na yeye amenitangulia miaka thelathini!" Ndipo akanitajia jina la hali yangu.

Nilitoka nikarudi kwenye benchi la chuma, ingawa zamu yangu ilikwisha. Mke wa mwanajeshi akaacha kufuma.

"Wamekwambia kibaya?"

"Oya," nikasema, yaani hapana, "kizuri," na nikalia kwa sauti. Nguo zote hizo! Nilidhani Baba ana mtindo wake tu.

Jioni nilipita dukani nikamwambia jina lile. Hakuinua kichwa kwenye cherehani.

"Ugonjwa wa kuangusha vikombe? Hata mimi ninao nikichelewa kupata chai."

Idrisa akacheka. Nikataka kumwuliza juu ya lastiki na mifuko, nikakosa pa kuanzia.

Peace hakunipa kidonge. Shinikizo la damu yangu lilikuwa limeanza kupanda na magoti yalikuwa yanalalamika, na yote hayo, alisema, yanatoka kwenye kukaa. "Tafuta kitu mwili itapenda. Usipopenda, wiki ya pili utaacha. Na usichague kitu juu watu wengine wanakifanya." Andika hilo mahali, maana mimi nililipuuza kwanza.

Kiangazi kilipoingia nikaanza na Jumapili zisizo na magari, barabara zinapofungwa na mji mzima unatoka kukimbia. Kule Kimihurura mkufunzi anasimama jukwaani na muziki, na mamia ya watu wanamfuata. Akisema kulia, mimi naenda kwa jirani. Jirani yangu alikuwa bwana mmoja mwenye kaptura nyeupe iliyopigwa pasi. Nilimkanyaga mara tatu, na mara zote tatu aliomba radhi yeye. Ya nne nikamwonea huruma nikaenda nyumbani.

Nikajaribu kuogelea. Mkono, mguu, pumzi, vyote kwa pamoja? Nilikunywa maji ya bwawa mpaka mwalimu akaniuliza kama ndiyo nafuturu au vipi. Ila kuelea chali nilikupenda, na bado naenda mara moja moja kulala juu ya maji na kutazama mawingu. Halafu nikajiunga na kina mama wanaosuka vikapu vya mkonge. Bibi aliyetufundisha alikuwa na subira ambayo sijaiona tena. Mwezi mzima nilisuka kitako cha kikapu, nikafurahi, nikasimama kumwonyesha, na nguo yangu ikanyanyuka pamoja nacho. Nilikuwa nimekishonea kwenye sketi.

"Ihangane," akaniambia, pole mwanangu, huku mabega yanamtikisika kwa kicheko alichokizuia. Na mimi nikacheka. Nilicheka kweli, na njiani ndipo nikagundua kwamba sikuona aibu. Hilo lilikuwa jipya.

Basi, mvua za masika. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kama kawaida, mtaa mzima ukatoka kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya asubuhi. Mimi huwa nabeba maji ya kunywa tu, kwa sababu mwaka mmoja nilipewa jembe nikapasua bomba, na mlima wote ukakaa bila maji hadi jioni. Mkuu wa mtaa hajasahau. Siku hiyo mti ulikuwa umeanguka njiani, wanaume wameukata, na kipande kikubwa cha shina kinavutwa kwa kamba kupandishwa ukingoni. Watu walikuwa wachache. Nikaweka jerikani chini, nikashika mwisho wa kamba bila kuulizwa.

Matope yakatuponza. Aliyekuwa mbele aliteleza, wote wakaanguka kifudifudi wakifuata kamba, na gogo likaanza kurudi kuelekea jikoni kwa mtu. Mimi nilikuwa nimeshaanguka. Nilianguka kabla yao, kwa nyuma, jinsi ninavyoanguka siku zote, matako karibu yaguse chini, visigino vimejikita kwenye ukuta wa mfereji. Na kamba nilikuwa nimeizungusha mwilini kwa kuwa siamini vidole vyangu. Gogo likasimama. Sisemi nililishika peke yangu, mzee mmoja naye hakuachia, lakini lilisimama! Wenzetu wakainuka, wakavuta, kazi ikaisha.

Mama Divine, jirani yetu anayeuza makaa, alikuja amejaa tope mpaka kwenye nyusi.

"Sha! Wewe iko naanguka vizuri sana!"

Nikadhani ananikejeli.

"Oya, nasema kweli. Niko na timu ya wanawake ya kuvuta kamba. Tuko saba, hatuna mtu wa mkia. Mtu wa mkia kazi yake iko moja tu: anaanguka, lakini anakataa kufika chini. Nimetafuta huyo mtu miaka miwili. Rudia nione!"

Nikarudia pale pale, matopeni, mbele ya mkuu wa mtaa.

Jamani, kuvuta kamba! Ngoja nikueleze. Hakuna mpira unaokujia usoni. Hakuna kulia wala kushoto. Kuna upande mmoja tu, nyuma, na wote mnakwenda huko. Tulifanya mazoezi Jumanne na Alhamisi baada ya Alasiri, kwenye uwanja wa shule. Mama Divine anapiga kelele "Hamwe!", yaani pamoja, na watu wanane wanakuwa mtu mmoja. Mwanzoni nilichelewa kila mara. Nikampelekea Peace tatizo hilo, akanivunjia kazi vipande vitatu vya kujisemea moyoni: kaa, egemea, kanyaga. Niliyasema nikiosha vyombo, nikingoja simu iite kazini, mpaka mteja mmoja akauliza ni nani ninayemwambia akae.

Na kamba ilipokaza, kikatokea kitu ambacho sikuwahi kukipata. Nilijua miguu yangu iko wapi bila kuitazama! Uzito ule ulikuwa unaniambia: goti liko hapa, mgongo uko hapa, wewe unaanzia hapa na kuishia pale. Nilikuwa narudi nyumbani nimechakaa, viganja vina malengelenge, na nalala usingizi wa mtoto. Peace alipima shinikizo la damu, akapima tena, akanionyesha tarakimu huku anatabasamu. Nilimkumbatia na kumwangushia kalamu zote za mezani.

Kitu kimoja kilibaki. Mashindano ya mitaa yalikuwa yanakuja, watu wataujaza uwanja, na nilimtaka mtu mmoja tu awepo. Kwa Baba nilikuwa sijasema neno.

Alijua mwenyewe. Ijumaa moja tukiwa mezani hijabu yangu ilisogea, akaona alama ya kamba begani, nyekundu, imechubuka.

"Nani kakupiga?"

Nikamweleza yote. Akasimama, akaja nyuma ya kiti changu. "Inapita hapa," akasema, akagusa bega la kushoto, "kisha inatokea hapa," akagusa chini ya kwapa la kulia. Halafu akarudi kukaa na hasira ikaanza.

"Mwanamke mzima anavutana njiani kama mbuzi wa Idi! Na huo ugonjwa wako wa vitabuni! Utaanguka, Zaituni."

"Ndiyo kazi yangu, Baba. Mimi ndiye wa kuanguka."

"Watakucheka."

Kumbe lilikuwa hilo. Sauti yake ilikuwa ile ile ya uwanjani, miaka yote ile iliyopita, aliponiambia sikioni nisitazame watu.

"Wananicheka tayari. Mimi mwenyewe najicheka. Baba, zile nguo zako. Lastiki, mifuko, pindo. Ulikuwa unajua tangu zamani, ukanificha vizuri, na nakushukuru. Lakini nimechoka kufichwa. Njoo unitazame."

Alisukuma sahani. "Siji," akasema, akaenda kuswali.

Jumanne iliyofuata sikwenda mazoezini. Alhamisi pia. Nilikaa kitandani na viatu nimevaa. Kama mtu anayenijua kuliko wote anaona mwili wangu haufai kuonekana, labda anaona kitu nisichokiona. Nakuambia hili usije ukadhani nilipanda mlima bila kusimama. Jioni Mama Divine alikuja mlangoni na kamba yenyewe begani.

"Bila mkia, sisi hatuendi," akasema. "Nitawaambia tumeacha. Saba wote."

"Unanitisha?"

"Yego. Nakutisha."

Nikavua viatu vya nyumbani nikavaa vya uwanjani. Nilivaa kushoto kulia, kulia kushoto, akangoja nibadilishe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, kiangazi kimeanza, vumbi jekundu, uwanja wa shule umejaa mpaka kwenye kuta. Shule nyingine, lakini viti vya wazazi ni vile vile. Mwamuzi, mwalimu mmoja mwenye filimbi, ametuita kwenye mstari. Nimezungusha kamba mwilini, juu ya kitambaa cha taulo nilichojibandika begani, kimeshaanza kuteleza. Ndipo nikaona kanzu nyeupe inavuka uwanja.

Baba alikuwa na mfuko wa karatasi. Hakusalimia mtu. Alitoa kizibao, kile cha kuvaliwa juu ya kanzu, lakini hiki alikishona kwa turubai nene, bega la kushoto limejazwa blanketi na kushindiliwa kwa mishono ya karibu karibu, na chini ya kwapa la kulia vivyo hivyo. Pale pale alipogusa Ijumaa ile. Nilikivaa kikanikaa kana kwamba nilizaliwa nacho. Halafu nikatazama mbele.

Vifungo. Vitatu, vikubwa, vya koti. Maishani mwangu Baba hakuwahi kunishonea kifungo.

"Lastiki ingekatika," akasema, akitazama pembeni. "Kamba ina nguvu. Panataka vifungo." Kisha, polepole zaidi, "Utaweza."

Akaweka mikono nyuma. Hakunisaidia.

Nilianza cha chini kama Peace alivyonifundisha, kidole gumba nyuma ya kifungo, sukuma, vuta. Kikaingia. Cha pili nikakipeleka kwenye tundu la tatu, nikakitoa. Watu wanatazama. Wanawake saba wameshika kamba. Upande wa pili mmoja akacheka, mwamuzi akapuliza filimbi. "Mkia, haraka!"

Baba akainua kiganja chake kama anayesimamisha gari.

"Mngojeni," akasema kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia. "Binti yangu anafunga."

Wakangoja. Mwamuzi, wale wapinzani, viti vyote vya wazazi. Cha pili kikaingia. Cha tatu kikanitoroka mara mbili, nikakirudia, kikaingia. Nikazungusha kamba juu ya bega lililoshonwa kwa ajili yake. Kaa, egemea, kanyaga.

"Hamwe!"

Mvuto wa kwanza walitushinda, nilikuwa ninalia na sikuona kitu. Wa pili tukawashinda. Wa tatu ulidumu mpaka nikasahau jina langu, mgongo wangu umekaribia ardhi na ardhi haikunipata, mpaka filimbi ikalia na Mama Divine akaniangukia na wote sita nyuma yake, na tukawa rundo la vumbi linalopiga vigelegele.

Nilipoinuka, Baba alikuwa amesimama mbele yangu. Hakunitazama uso. Alivuta bega la kizibao, akakagua mshono, akapitisha kidole kifuani kutoka juu mpaka chini, kimoja, cha pili, cha tatu.

"Havikufunguka," akasema.

"Havikufunguka, Baba."